Kufuli la Tatu la Chemba ya Kiduhi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verdiana Ladislaus
Umri: Miaka 28
Kazi: Fundi sanifu, Jumuiya ya Watumia Maji Kiduhi Juu
Makazi: Kitongoji cha Kiduhi Juu, Wilaya ya Kilosa
Yameandikwa: Kituo cha polisi, Mikumi, Jumanne tarehe 23 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi
Mwandishi: Koplo Domina

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Ninaeleza yanayomhusu Naisenya Seuri, aliye mahabusu hapa kwa tuhuma ya kufungua maji ya Kiduhi peke yake.

Chemba ya Kiduhi imejengwa kwa zege chini ya chanzo, na ndani yake mna valvu za kugawa maji. Bomba moja linakuja kwetu Kiduhi Juu, la pili linashuka Kiduhi Chini, na tangu Januari mwaka huu la tatu linakwenda kwenye birika la kunyweshea mifugo la wafugaji. Kila upande una kufuli lake kwenye mnyororo wa mfuniko. Mshika ufunguo wa kwetu ni mimi. Wa Kiduhi Chini ni Ditram, fundi wao. Wa wafugaji ni Naisenya, binti wa mzee Seuri, ambaye ana stashahada ya mifugo. Ufunguo wa akiba wa kila upande hutunzwa na upande mwingine, ndivyo tulivyokubaliana ili tuaminiane. Wa wafugaji unatundikwa kwenye msumari ofisini kwetu.

Valvu huzungushwa Jumatatu na Alhamisi, washika funguo wote wakiwepo. Mizunguko tunaihesabu kwa sauti, kwa zamu, ili asitokee mtu wa kusema hakusikia. Mimi nasema moja, Ditram anasema mbili. Kwa miaka miwili, namba tatu ilirudi kwangu. Tangu Januari, namba hiyo ni ya Naisenya. Afande ameniuliza kama hilo linahusiana na kesi. Nimemjibu kwamba linahusiana na mimi, naye ameniambia niendelee.

Mnamo tarehe 20 Septemba 2025, siku ya Jumamosi, saa tano asubuhi, nilipita kwenye chemba nikielekea Mikumi kwa bodaboda. Mfuniko ulikuwa umefungwa na mita za nje ya chemba zilisoma sawasawa. Njia ni moja na hakuna aliyetupita. Saa sita na robo niliingia duka la vifaa vya maji karibu na stendi ya Mikumi, duka la Mama Loveth, kununua kiungio cha bomba. Ng'ambo ya barabara niliiona pikipiki ya Ditram mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma. Siku moja kabla nilikuwa nimemwambia twende Mikumi pamoja, akanijibu, "Kesho nina shughuli Ruhembe kwa shangazi, Verdi."

Alikuwa amekaa kwenye benchi na Naisenya. Katikati yao kulikuwa na bamba la chuma, na Ditram alikuwa analichora kwa chaki. Naisenya aliichukua chaki mkononi mwake bila kuomba, akafuta alichochora, akachora upya. Mimi nikimsahihisha Ditram hukunja uso. Siku ile alicheka. Ufunguo wa Naisenya ulikuwa shingoni pamoja na shanga. Niliuona kila alipoinama.

Nilikaa pale. Mama Loveth aliniambia, "Binti, umeshalipa, na kiungio unacho mkononi. Au unangoja kiive?"

Nikamwambia nangoja jua lipungue.

"Jua limepungua zamani," akasema, akanisogezea kigoda.

Sikwenda kula wala kunywa maji. Hawakuinuka pale mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, isipokuwa walipompelekea fundi lile bamba, hatua chache tu, nikiwaona. Waliondoka kwa pikipiki. Naisenya alikaa upande na hakumshika. Hilo pia nililiangalia.

Nikiwa njiani kurudi nilisikia kwamba saa kumi na moja jioni watu wa Kiduhi Chini walipanda kwenye chemba baada ya tanki lao kukauka. Walikuta mfuniko uko wazi, kufuli la wafugaji limefunguliwa, na valvu ya birika imeachiwa yote. Maji yalikuwa yanamwagika mbugani, wakati zahanati yao ilikuwa na wazazi wawili na haina hata ndoo moja. Naisenya alikamatwa alipofika nyumbani. Ditram alisema alikuwa naye Mikumi, lakini hakuna aliyemsadiki, kwa kuwa inajulikana wako karibu.

Jumapili sikutoka ndani.

Jumatatu tarehe 22 Septemba, saa moja asubuhi, nilimkuta mwenyekiti wetu, Mzee Paulo, amesimama mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Umeona sasa? Mimi nilisema makufuli mawili yanatosha. Birika litafungwa, na yule binti amejimaliza mwenyewe."

Niseme ukweli, nilifurahi kuyasikia. Niliingia ndani nikiwa na furaha hiyo. Kisha nikautazama msumari. Ufunguo wa akiba wa wafugaji ulikuwa mahali pake, lakini ulikuwa na grisi. Ufunguo ule haujawahi kutumika tangu Januari. Grisi niliipaka mimi kwenye makufuli yote matatu Alhamisi tarehe 18, na ofisini hatuna grisi, ninakaa nayo nyumbani. Niliufunga ufunguo ndani ya gazeti nikautia kwenye mkoba.

Saa mbili na nusu nilimkuta Ditram kwenye chemba. Wenyeviti wa pande mbili walikuwa wamekubali tugawe maji bila mshika ufunguo wa tatu. Kabla sijatoa ufunguo wangu aliniambia, "Verdi, nenda kituoni kaseme ulichokiona Jumamosi. Mimi hawanisadiki. Wewe watakusadiki, kila mtu anajua humpendi."

"Nani kasema simpendi?"

"Unavyolibamiza kufuli lako akianza kuongea, hata mbuzi wanajua."

Nikamuuliza amejuaje kwamba nilikuwa Mikumi.

"Tulikuona," akasema. "Tangu unaingia dukani. Nilitaka kuja kukusalimia, Naisenya akasema tukuache, utaona aibu. Jana nimemuuliza kwa nini hakukutaja kwa polisi. Amesema hataki kutoka mahabusu kwa kukuanika wewe."

Nikauliza lile bamba ni la nini. Alisema makufuli tulivyoyashikanisha kwenye mnyororo, ukifungua moja lolote mnyororo wote unaachia. Bamba lingekuwa na matundu matatu, na lisingefunguka mpaka makufuli yote yafunguliwe. Walitaka kuniletea likiwa limekamilika, kwa sababu mnyororo ule niliufunga mimi. Ndiyo maana akasema Ruhembe.

Ni kweli niliufunga mimi, mwezi Januari, siku ya kuweka kufuli la tatu. Siku hiyo Mzee Paulo aliondoka kabla ya soda. Mimi nilibaki, lakini nilifunga haraka ili shughuli iishe.

Nilimuuliza Ditram kama wanapendana.

"Ndiyo," akasema. "Lakini leo sikuja kwa hilo."

Tukafungua. Tangu Januari nilikuwa nangoja siku ambayo tutakuwa wawili tena pale, na siku hiyo ilikuwa imefika. Nilisema moja. Akasema mbili. Valvu ikazunguka mara ya tatu, naye akanyamaza, akiwa ameshika chuma na kuangalia chini. Namba ile ilikuwa yangu zamani na hakuna aliyenizuia kuichukua. Nilifungua mdomo, haikutoka. Nilisema nne. Tuliendelea hivyo mpaka mwisho, tukiziruka zote zilizokuwa zake.

Afande ameniuliza nani alifungua chemba. Sikumwona. Kitasa cha ofisi yetu kina funguo mbili. Mmoja ninao mimi, na Jumamosi mchana wote nilikuwa dukani kwa Mama Loveth, anaweza kuulizwa. Wa pili anao mwenyekiti. Zaidi ya hapo sijui na sitaki kukisia.

Afande ameniuliza pia kama nina ugomvi na Naisenya. Hatujawahi kugombana. Simpendi. Naomba liandikwe hivyo hivyo, lisilainishwe. Siku niliyosema alikuwa Mikumi, alikuwa Mikumi kutoka saa sita na robo mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, na mimi sikumwondolea macho. Hakuna mtu duniani aliyemtazama zaidi siku ile.

Nimeomba asiambiwe ni nani aliyekuja. Sitaki anishukuru.

Nimesomewa yote niliyoyasema hapo juu. Ni yangu, na hakuna ninalotaka kulipunguza.

Sahihi: V. Ladislaus

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakubali na kutia sahihi mbele yangu. Nimepokea kutoka kwake ufunguo mmoja wenye grisi, umefungwa kwenye gazeti. Nimemweleza kwamba jina la shahidi haliwezi kufichwa kwa mtuhumiwa kesi ikiendelea. Akasema sawa. Alipofika mlangoni alirudi kuuliza kama Naisenya atakuwa ametoka kufikia Alhamisi.

WP Koplo Domina