Majina Niliyompa Tajiri

Mwanza, Jumapili baada ya misa

Baba Laurenti, mume wangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa huku Mwanza wanawake husalimia wamesimama. U mzima? Mguu wako ule unaouma wakati wa mvua unaendeleaje? Mimi ni mzima, mkwe wetu Yustina mzima, na mjukuu wako Ana ameota meno mawili ya chini, anauma kila kitu, hata rozari yangu.

Mwambie mama mkwe shikamoo yangu, na kwamba dawa ya macho ninaitafuta. Nisalimie binti yangu Kemilembe, asiache kupalilia migomba ya upande wa chini, maana najua anaikimbia kwa sababu ya siafu. Nisalimie Paskali, kitinda mimba wangu, umwambie mama yake hajamsahau, na nguo anamshonea. Nisalimie shemeji Petro na mke wake, na kile chungu changu alichoazima akitumie tu, sikukiulizia kwa ubaya. Nisalimie katekista. Hata ng'ombe wetu Bihogo mpe salamu, nimesikia amezaa, tena dume, kama kawaida yake ya ukaidi.

Hapo sasa, Baba Laurenti, waambie salamu zimekwisha. Najua wamekuzunguka hapo uani. Watoke, kila mtu aende kwenye kazi yake, na mama mkwe mpe kiko chake akavutie nje. Yanayofuata soma wewe peke yako, polepole. Mwandiko wangu unaujua, shule yangu ni ile ya ubatizo tu.

Nimefanya jambo baya. Sikuliweka mwanzoni kwa kuwa mama yako angelisikia.

Unajua Laurenti aliajiriwa na tajiri mmoja hapa mjini mwenye malori sita. Kazi ile ilikuwa ya kumaliza mtu. Anatoka hapa na mabati mpaka Shinyanga, akishusha tu anapakia marobota ya pamba anarudi, hakuna kupumzika. Analala chini ya lori ili mzigo usiibwe. Springi ikivunjika kwenye mashimo inakatwa kwenye mshahara wake, kana kwamba yeye ndiye aliyechimba barabara. Akiugua siku moja, ya pili anakuta lori lake lina mtu mwingine. Na ng'ambo ya mtaa kuna kampuni nyingine ambayo madereva wake wana chama cha wafanyakazi. Hao safari ndefu wanakwenda wawili, mmoja anaendesha, mwingine anasinzia. Springi ni shauri la mwenye lori. Mmoja wao alivunjika mkono, akakaa kwake mpaka mfupa ukaunga, akarudi akakuta usukani unamngoja. Laurenti aliponieleza nilidhani ananitania.

Basi akaingia chama kwa siri, yeye na wenzake wawili wa kwa tajiri yule. Mmoja ni Mzee Saidi, dereva mkubwa kuliko wote pale, mtu wa sala tano. Mwingine ni Masanja, Msukuma, mdomo wake haulali. Walikutana uani kwetu kila Jumapili, nami nikawapikia ndizi zinazokuja na meli kutoka Bukoba. Wa nne alikuwa Faustini, mtoto wa Mzee Bitegeko wa kijiji cha Ndama, kule kwetu. Yeye alikuwa dereva pamoja nao ila chama alikikataa. Alisema ana wadogo zake wengi wanaomtegemea, akifukuzwa watakula nini. Masanja akimwita mke mdogo wa tajiri, naye anacheka, anavuta sahani, anakula na wenzake. Mimi aliniita Mama. Kila akitoka safari alipita kwanza kunisalimia kwa Kinyambo, moyo wangu ukatulia kama niko nyumbani.

Siku moja tajiri akatangaza kwamba amesikia kuna watu wa chama katika malori yake, na akiwajua watatoka wote. Laurenti akaacha kula. Mimi nikamwangalia yeye, nikamwangalia yule mtoto mgongoni mwa mama yake, nikaogopa. Na mtu akiogopa hufanya yale aliyoyaona kwao.

Wewe unajua desturi yetu. Mtoto akimkosea mkungu, yule mkubwa wa kijiji, mzazi hangoji kuitwa. Anabeba zawadi, anapiga magoti, anamwombea mtoto wake, na anataja watu wazima wanaosimama nyuma yake, ili mkubwa ajue huyu si mhuni asiye na watu. Hivyo ndivyo baba yangu alivyomwokoa kaka yangu. Nikafikiri, tajiri naye si ndiye mkungu wao huku?

Wao walikuwa safarini, Yustina amempeleka mtoto kwenye sindano. Nikachukua ile kahawa ya kutafuna uliyonitumia, nikaifunga vizuri katika jani la mgomba, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda. Sikumwambia mtu. Nilitaka wakirudi wakute mambo yamekwisha tengemaa.

Tajiri hakunifukuza, na hilo ndilo linaloniuma. Aliniinua, akanipa kiti, akaagiza chai, akatafuna buni zetu mbili akasifu. Nikamwambia mwanangu ameingia chama, lakini si kwa kiburi, amsamehe kama mtoto wake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Na nani wamesimama pamoja naye, mama?"

Nikasema. Nikamtaja Mzee Saidi, nikaeleza jinsi asivyogusa pombe. Nikamtaja Masanja, nikasema ni mwenye maneno mengi ila moyo wake ni safi. Karani alikuwa pembeni anaandika. Mume wangu, mimi nilidhani anaandika sifa zao. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi wakaitwa wote watatu, wakaambiwa waweke funguo mezani. Na Faustini akapewa lori la Mzee Saidi, lile jipya. Sasa nani asingeona? Jumapili walipokutana kwetu Masanja akasema aliyewauza halipwi pesa, analipwa lori. Wenzake wakaitika. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nikaendelea kukoroga. Laiti ningesema wakati ule, lingekuwa kosa la mama mjinga, wangenizomea, yakaisha. Sikusema.

Faustini akaja kama siku zote, hajui lolote, ameniletea kitunguu na chumvi ya Shinyanga. Alipotaka kukaa Masanja akaiondoa sahani mbele yake.

"Hapa hatuli na sikio la tajiri."

Faustini akadhani ni mzaha wa kila siku, akacheka. Akatazama nyuso zao, kicheko kikamkauka. Akamwapia Mzee Saidi kwa jina la Mungu, Mzee Saidi akatazama pembeni. Ndipo akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mama, unaamini?"

Baba Laurenti, nilimjibu hivi, na mkono wangu unaoandika ndio uliokuwa umeshika kile kitunguu chake. Nilimjibu, "Kula kwako kwanza mwanangu, mpaka hawa wapoe."

Akaniaga kwa heshima zote, akaondoka.

Wale watatu hawakupata taabu ndefu. Chama kiliwalisha wiki tatu, mkubwa wake akaenda kuzungumza na kampuni ile ya ng'ambo ya mtaa, wakachukuliwa. Laurenti sasa analala kitandani kwake siku mbili katika wiki, amenenepa shingo. Juzi wenzake wamemchagua awe katibu wao wa chama pale karakana. Kwa hiyo sisi huku tunakula vizuri, na kila tonge linanikumbusha sahani ya Faustini.

Faustini ndiye aliyeachwa peke yake. Wewe hujui desturi ya madereva. Hawaachani njiani, hata kama ni maadui, dereva akimkuta mwenzake amekwama anasimama. Faustini alikwama kwenye udongo mweusi wa mbugani, njia ya Shinyanga, mvua inanyesha. Malori mawili yalipita. La pili, Masanja alikuwa ndani yake. Alisimulia mwenyewe uani kwetu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka, hata yeye. Faustini alikaa siku mbili akilinda mzigo, turubali likachanika, pamba ikalowa. Alirudi anakohoa, tajiri akamwambia pamba iliyoharibika ni yake, na kazi imekwisha. Hakuwa na chama cha kumsemea. Wala hakuwa na rafiki. Alipanda meli ya Bukoba Jumanne. Nilipata habari kwa jirani yake kwamba kifua kinambana, na kwamba aliniachia salamu.

Jioni ile nikamwambia Laurenti yote. Alikuwa anavua viatu. Kwanza alitabasamu, akidhani nataka kumchekesha. Kisha akakiweka chini kiatu kilichokuwa mkononi.

"Mama, lizike hilo," akasema. "Faustini amekwisha kwenda. Ukilifukua leo, watasema katibu wao ametoka nyumba iliyowauza."

Nikamwambia, lakini yule mtoto ni mgonjwa, amekwenda kwao na jina ambalo ni langu. Akasema Ndama ni mbali, nani atalijua huko. Nilimtazama nikaona ananiogopa mimi, mama yake, kama nilivyomwogopa tajiri. Sikumlaumu. Hofu hiyo aliinyonya kwangu.

Lakini Ndama si mbali kwa neno baya. Madereva wa Bukoba wanapanda mpaka Kayanga, jirani na Ndama, kila wiki, na wale wa huku wanawajua. Mzee Bitegeko ni mtu mkali, hilo unalijua kuliko mimi. Akisikia sokoni kwamba mwanawe ameuza watu wazima kwa ajili ya lori, hatamuuliza mara mbili, atamtoa nyumbani kwake.

Kwa hiyo nakuomba, na najua ombi hili linakushusha mbele ya watu. Nenda Ndama. Usimtume Petro, usimpe katekista barua. Nenda kwa miguu yako, hata kama mguu unauma, ukamwambie Mzee Bitegeko kwamba aliyetaja majina ni mke wako, Savera, na kwamba Faustini hakumtaja mtu. Sema mbele ya Faustini mwenyewe. Akikutukana kubali, nami ukitaka kunitukana nitukane katika barua, nitaisoma yote. Mchukulie asali ya kifua, ile iliyobaki kwenye kibuyu.

Mimi hapa Ijumaa nitamngoja Mzee Saidi akitoka msikitini, nitamwambia. Masanja nitamwambia baada yake. Laurenti hajui kama nimekata shauri, na leo mchana aliponiona na kalamu akaniuliza naandika nini, nikasema naomba mbegu za maharage. Huo nao ni uongo, lakini Ijumaa utakuwa umekwisha.

Mkwe wako Yustina anakuamkia shikamoo, na kaka yangu akipita hapo mpe salamu zangu, haya mengine usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikirudi.

Ni mimi mkeo niliyekutia aibu,
Savera, mama yao

Meli inaondoka hapo Bukoba Alhamisi. Nijibu upesi, Baba Laurenti, hata kwa mstari mmoja. Niambie tu kama ulimkuta Faustini ndani ya nyumba ya baba yake, au nje.