Baba, Gari Ulilituma Wewe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako haitanifikia tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia, ndivyo ulivyotulea. Hii ni wiki ya tatu tangu tukuzike huko kijijini Mamba. Waliokuja matanga wamesharudi kwao, na karibu wote waliondoka wakisema ulikuwa mtu wa haki. Niliwapa chakula nikawasikiliza. Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote anayetaka.

Nakumbuka siku ulipolipandisha lori mlimani mara ya kwanza. Mama alitoka shambani na jembe begani, akalizunguka mara mbili, kisha akauliza linakula nini. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ulinikalisha mbele, tukashuka na kahawa mpaka stesheni ya Same, na kila tulipopita kijiji ulipiga honi kidogo, watu wajue ni gari la Mpare. Nilikuwa msichana wa kuvunja ungo, na nilidhani hakuna baba duniani aliyekuzidi.

Elinaja alipokuja kukuomba kazi alikuwa ametoka jeshini kwa Waingereza, ambako alijifunza udereva wakati wa vita. Alikuendeshea mwaka mzima ndipo akaleta posa. Ukatania kwamba umepata dereva, mkwe na mbuzi kwa mpigo mmoja. Siku hizo askari wa barabarani walikuwa wameanza kusimamisha magari pale chini Same, na Elinaja, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, akakuuliza mbele yetu: wakikamata gari, faini ni ya nani?

Ulimjibu bila kufikiri. "Kosa la mikono yako ni lako. Kosa la gari ni la mwenye gari."

Nilijivuna kwa jibu lile. Niliwasimulia hata wanawake wenzangu kisimani.

Asubuhi ninayotaka kuizungumzia unaikumbuka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na kahawa ilikuwa ukumbini, magunia kwa magunia, ikisubiri treni. Elinaja alikuambia breki hazishiki mpaka azikanyage mara tatu. Akaomba gari lilale mpaka fundi apande kutoka Same. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria ya uji mikononi, hatua chache tu kutoka mlipokuwa. Ulimwambia ashushe kahawa kwanza, fundi atakuja baadaye. Alipositasita ukamshika bega.

"Gari ni langu. Likikamatwa nitasema mimi."

Akaenda. Aliteremka mlima wote kwa gea ndogo, polepole, na hakumgusa mtu wala mbuzi. Askari walimsimamisha karibu na stesheni, wakazijaribu breki, wakalizuia gari.

Siku ya kesi nilishuka nawe. Ulivaa koti lako la kanisani. Njiani ulinunua ndizi mbivu ukanipa, kwa kuwa nilikuwa na mimba ya Nakijwa na njaa haikuniacha. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua utasimama, utaeleza, utatozwa faini, tutarudi nyumbani sote watatu.

Bwana Shauri, mzungu wa wilaya aliyekuwa akihukumu, alieleza mambo taratibu, kwa Kiswahili chake cha kizungu. Kama mwenye gari alijua ni bovu akalituma, shitaka ni la mwenye gari, na huenda akanyang'anywa ruhusa ya kubebea mizigo. Kama dereva alilichukua bila ruhusa, basi makosa yote ni ya dereva, na la kuchukua gari bila ruhusa halina faini, ni jela. Kisha akakuuliza.

Ulisema ulimkataza. Ulisema alilitoa gari nawe ukiwa shambani.

Elinaja hakubisha mara moja. Alikutazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize utani. Alipoona umekaa, akasema kwamba alitumwa, akaulizwa ana shahidi, akasema hana. Nilikuwa benchi la nyuma, Baba. Uligeuka ukanitazama. Sikuinuka.

Miezi sita. Leseni ilichukuliwa palepale.

Wiki ileile gari liliachiwa, likavutwa mpaka nyumbani, na fundi akapanda mlimani kutengeneza breki. Nilisikia nyundo yake tangu asubuhi, na kila ilipogonga nilitamani niende nikalale barabarani lori lisipite. Dereva mpya alianza kazi kabla sijapata hata ruhusa ya kumpelekea mume wangu makande gerezani.

Nilikuuliza mara moja tu, Nakijwa akiwa mgongoni. Hukukasirika. Ulinijibu kama unayemweleza mtoto hesabu. "Yeye ana nguvu, atatoka. Jina langu likifungwa halitoki."

Alitoka, ni kweli. Lakini hakuna mwenye gari aliyemtaka dereva anayeiba gari la mkwewe. Tulihamia mashamba ya Kifaru, akakata mkonge kwa miaka, vidole vikamkakamaa. Wewe ulituletea viazi na maharage kila mavuno, ukamchezesha Nakijwa magotini, ukamwita mume wangu "mwanangu". Kila ulipolitamka neno hilo nilitoka nje.

Ulipofariki, Elinaja ndiye aliyeshika sururu ya kwanza kuchimba kaburi lako. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba asubuhi ile nilisikia kila neno, na kwamba nilinyamaza kwa kukuogopa wewe. Aliendelea kutembea.

"Najua," akasema. "Nilikuona mlangoni na sufuria."

Miaka yote hiyo alijua. Kizimbani alisema hana shahidi, naye alijua ninakaa nyuma yake. Alinipa nafasi ya kuinuka mwenyewe, na sikuitumia, na hakunilaumu siku moja. Hapo ndipo nilipoelewa, Baba, kwamba tulimsaliti wawili.

Jumapili iliyofuata, kanisani baada ya matangazo, niliomba kusema. Nilisema ulivyosema, ulivyotenda, na nilivyonyamaza. Mzee mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo, nadhani kwa kuona aibu. Nje Mama alinishika mkono. Nilidhani atanipiga.

"Ungengoja kaburi likauke," akasema. Kisha, akitazama pembeni: "Na mimi nilikuwa jikoni asubuhi ile."

Ndugu zangu hawasemi nami. Elinaja bado anakata mkonge. Ukweli haukumrudishia usukani, na mikono ile sidhani kama itaushika tena. Lakini jana alisuka kikapu mlangoni huku akiimba nyimbo za jeshini, jambo ambalo sijalisikia tangu kesi ya Same.

Bado nakupenda, na ndiyo maana inaniuma. Sitakuja kaburini kwa sasa. Lala, Baba, mimi siwezi tena kukusitiri.

Binti yako,
mke wa Elinaja