Blanketi la Kijani la Mama

Msasani, Tukuyu
8 Julai

Kaka yangu mpendwa Ambilikile,

Ugonile, kaka. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Dodoma. Sisi tunapumua, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama anakusalimu kutoka Lufingo.

Nasikia ulicheka ulipoambiwa kwamba siku hizi nahubiri makabati. Ni kweli. Akina mama wa kanisani tulichoka kushona sare mpya ya kitenge kila harusi. Tukakubaliana kutonunua kipya wakati cha zamani bado kinavalika, kilichochanika kiende kwa fundi Fikirini, na kisichoguswa mwaka mzima apewe mwenye shida. Mimi ndiye niliyelishikia bango. Nilimwaga kabati langu nikaona aibu: vitenge kumi na vinne, vingine havijawahi hata kufuliwa. Kuvigawa kulinipa raha, na raha hiyo ikanilevya.

Mwezi wa tano nilifika Lufingo, Mama akiwa kliniki ya presha. Nikafungua sanduku lake. Ndani mlikuwa na mashuka mapya, na chini kabisa blanketi la kijani, limekunjwa vizuri. Nikajisemea, bibi mmoja ana kazi gani na vyote hivi wakati wenzake wanatetemeka? Nikabeba vyote, nikagawa siku ile ile.

Alipogundua hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba vile vilikuwa vya kumzikia. Na kwamba Baba alinunua mablanketi mawili kwa bonasi ya kwanza ya chai, moja tukamzika nalo, la pili likabaki la kumzikia yeye. Kaka, mimi na wewe tulisimama pale wakimfunika Baba, na bado sikulitambua.

Mashuka Fikirini alikuwa ameshayakata, kawashonea watoto nguo za shule. Blanketi nilimpa Hasina, mpangaji wa jirani yangu. Nilikwenda kwake nimejipanga kuliomba. Nikamkuta mtoto wake njiti amefunikwa nalo, amelala, amepata joto. Hasina alinishukuru mpaka akalia. Nikamsifia mtoto, nikaondoka.

Sasa nakuungamia ambalo sijamwambia mtu. Kila Jumapili Mama huniuliza kama nimelipata, nami humjibu kwamba Hasina amesafiri kwenda Kyela. Nimemdanganya Jumapili tano. Daktari anasema moyo wake umechoka, tusitegemee miezi mingi. Nilimnunulia jingine, la kijani vile vile. Alilipapasa, akanirudishia, akasema nikawafunike wanangu. Kumvua mtoto siwezi, na Mama siwezi kumtazama usoni. Nimekwama, kaka, na sina hata wa kumlaumu.

Jumapili iliyopita hakuniuliza. Alinisogezea sahani ya ndizi, akaniambia nile kabla hazijapoa.

Usisubiri Krismasi. Na ukija usimletee kitu, kaa naye tu.

Msalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Tupokigwe