Kifuniko Kilichoshushwa Shibiri Mbili

Shoga, shika simu. Nimejifungia chooni ofisini.

Leo si nimewasilisha kwa madiwani ule mpango wangu wa mitaro mipya ya maji ya mvua? Nikawaambia vipimo vyote vya kina nimevianzia kwenye kile kifuniko cha chuma cha shimo la mtaro pale sokoni, kama ramani ya zamani inavyoonyesha.

Mzee mmoja kikaoni, mzibua mitaro aliyestaafu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, kifuniko kile lori lilikivunja. Tulikipachika upya, shibiri mbili chini ya pale pa mwanzo."

Shibiri mbili, shoga! Bomba langu la kumwaga maji mtoni litakuwa chini ya usawa wa mto. Mto ukijaa, maji yatarudi mpaka wodi ya wazazi pale hospitalini.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mhandisi, ulihakikisha?"

Nikasema ndiyo. Sikuhakikisha chochote. Nimesema ndiyo.

Mzee akanitazama, akainamisha kichwa. "Basi labda ni mimi. Uzee unasahaulisha."

Wakamcheka. Na mimi nikacheka.

Mpango umepita, wanaanza kuchimba kesho asubuhi. Niambie nifanye nini.

Subiri, kuna mtu anabisha hodi mlangoni. Ni yule yule mzee. Bado ananiita mwanangu.