Afande Kaambiwa Hapana

Masasi, Jumamosi jioni. Joto limepungua kidogo, na mimi nina furaha ambayo sijui nimwelezeje jirani.

Tangu nivue magwanda nimekuwa kocha wa viongozi. Majirani hapa Mkomaindo huniuliza nafundisha timu gani. Mke wangu, Mama Salma, huwajibu kwamba timu yenyewe bado ina mchezaji mmoja.

Mchezaji huyo ni Bi Zainabu, meneja wa chama cha wakulima wa korosho huko juu Newala. Ananizidi umri, lakini huniita Afande kama wote. Kazi yangu kwake si kutoa amri, ni kumuuliza mpaka aione njia yake mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimuuliza itakuwaje akimwachia msaidizi wake ghala. Swali tu, la kumfikirisha.

Kesho yake akakabidhi funguo.

Msimu umechanganya, magunia yanaingia, na yeye kakaa ofisini mikono mapajani. Jana Mama Salma akasikia sokoni kwamba Bi Zainabu anataka kuacha kazi, maana hata Afande kaona ghala limemshinda. Niliumia. Nampenda mama yule, na swali langu ndilo lililokuwa linamfukuza. Mke wangu hakunionea huruma: alisema hata chumvi mezani naiomba kwa sauti ya gwaride.

Basi leo nimepanda Newala. Sikusubiri aniite Afande. Nimeinama kidogo na kusema, "Shikamoo, dada."

Amenitazama, kisha akacheka. "Marahaba, mdogo wangu. Leo jeshi umeliacha wapi?"

Nikamweleza kwamba lile lilikuwa swali, na ana haki ya kunikatalia. Nikauliza tena lilelile. Nilijiuma ulimi nisimjibie.

"Hapana," akasema. "Ghala simwachii mtu, nalipenda. Vinavyonimaliza ni hivi vikao vya kila asubuhi."

Tukamfuata msaidizi pamoja. Bi Zainabu akachukua funguo zake, akamwachia kijana wa watu vikao. Habari za kuacha kazi hazikutajwa tena.

Jeshini niliitikiwa "ndiyo, Afande" mpaka nikazoea. Leo nimekataliwa, na nimetabasamu njia nzima ya kurudi.

Nilipomsimulia Mama Salma, alinimiminia chai na kusema yeye hunikatalia kila siku, ila huwa sisikii.

Mke wangu mpenzi, umeshaniambia hapana ngapi?