Kikombe Kwenye Gunia la Ufuta

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku Nambilanje, na baada ya salamu naomba unisaidie, maana nimechanganyikiwa na kila ninayemuuliza ananizidishia. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nimeolewa na Nasri, tunalima ufuta na korosho chache, tunaishi nyumba moja na mama yake mzazi, na huyo mama mkwe sina neno hata moja baya la kumsema, na hapo ndipo ugumu wangu ulipo, kwa sababu angekuwa mkwe mbaya ningejua la kufanya.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake, hapahapa nyumbani, njiti kabisa, alikuwa hawezi kunyonya, anafungua tu mdomo halafu anachoka, tukampa maji ya sukari kwa kijiko maana ndivyo tulivyojua, na yale maziwa ya kwanza ya njano hatukumpa kwa sababu tuliambiwa ni machafu, na wiki haikuisha akatutoka. Baada ya maziko maziwa yakanijaa kifuani mpaka nikapata homa, mama mkwe akanipeleka nyuma ya nyumba, akanishika mgongo, nikayakamua chini huku nalia, na yeye akayafukia kwa jembe. Katika ukoo wao ndivyo wafanyavyo, anayekamua maziwa ni yule aliyefiwa na mtoto, mwingine hakamui, na yakishakamuliwa yanafukiwa ili yasibaki yanamtafuta aliyekwenda.

Sasa nina mimba nyingine, inaingia mwezi wa saba. Zahanati walinituma Nachingwea, huko nikapokelewa na nesi mmoja, Sista Beatrisi, akapima presha akaiona iko juu, akaangalia miguu yangu ilivyovimba, akauliza habari za yule wa kwanza nikamweleza, akasema huyu naye anaweza kuwahi, kwa hiyo nianze kupanga mapema maziwa yangu yatamfikiaje. Akanionyesha kwa mikono yake mwenyewe namna ya kukamua, akasema mtoto akizaliwa hana nguvu ya kunyonya usingoje apate nguvu, kamua, hata kama ni matone, hayo ya njano ndiyo ya kwanza kumpa, atanyweshwa kwa kikombe au atapitishiwa kwenye mpira puani. Akaniambia nitafute kikombe chenye mfuniko, kiwe cha mtoto tu, nikakinunua palepale sokoni kabla ya kupanda lori.

Njiani nilikuwa na furaha. Nilipofika na kumwona mama mkwe uani anapepeta ufuta furaha ikaniisha, nikapita mlango wa nyuma, nikakificha kile kikombe ndani ya gunia la ufuta wa mbegu.

Nilimwambia kwa kuzunguka, nikasema mama, hospitali siku hizi wanafundisha watu kukamua. Akaacha kupepeta. Akasema, "Unamkamulia nani, mwanangu, na mtoto yumo tumboni? Mbona unauita msiba ukiwa mbali?" Nikamwambia ni kwa sababu huyu naye anaweza kuwa njiti. Akasema, "Huyo mumeo alikuwa njiti kuliko yule wenu. Nilimzaa njiani tunakimbia vita ya Msumbiji, tumevuka Ruvuma hatuna mbuzi wala kuku, nguo ni hiyo niliyovaa. Nilimfunga hapa kifuani, namtonea mdomoni kwa pamba tuliyookota kwenye shamba la watu, tone, tone, mpaka akapata nguvu za kunyonya. Mimi sikukaa nikakamua kama mfiwa. Na huyo hapo, anabeba gunia la korosho peke yake." Nikamwambia basi, sitakamua, maana Nasri kweli yupo na gunia kweli analibeba.

Kwa hiyo nimemwitikia mama mkwe kwamba sitakamua, na Sista Beatrisi nimemwitikia kwamba nitakamua. Wote wawili nimewaambia ndiyo, na kila mmoja nilipokuwa namwambia nilikuwa namaanisha. Nasri nikimuuliza anasema hayo ni mambo ya wanawake, elewaneni, anapanda baiskeli yake anakwenda kununua ufuta vijijini. Wifi yangu Mwanaima, aliyeolewa Nachingwea mjini, ana mtoto mchanga, ameleta ujumbe kwamba nisihangaike, nikijifungua atamnyonyesha wangu pamoja na wake, maziwa anayo tele, na mama mkwe amelifurahia hilo, ila mimi moyo wangu unakataa na sijui kama ni wivu au ni akili. Tena kila asubuhi nikioga najiminya kuona kama maziwa yameanza, maana nawaza nikiyakusanya kuanzia sasa mtoto atayakuta, na siku moja yalitoka kidogo, nikajikuta nayafukia kwa mguu bila hata kufikiri.

Wiki hii limetokea jambo lililonivuruga zaidi. Mama mkwe alifungua lile gunia amchotee jirani mbegu. Mimi nilikuwa mlangoni, hakuniona. Akakitoa kikombe, akafungua mfuniko, akatazama ndani, akakipangusa kwa kanga yake, akakirudisha, akalifunga gunia. Mpaka leo hajasema neno. Chakula tunakula pamoja, asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, lakini la kikombe halitaji. Sijui amekasirika, sijui ameniachia Mungu, sijui anangoja nianze mimi. Nikitupe? Nimsikilize nani, aliyenionyesha kwa mikono yake au aliyenishika mgongo? Nimeshazika mmoja, mshauri. Sina nguvu ya kuzika wa pili kwa kosa langu mwenyewe.

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Nambilanje, Ruangwa.

MARSELINA ANAJIBU:

Mwanangu wa Nambilanje, barua yako nimeipitisha mbele ya zote zilizotangulia, maana tumbo lako halikai foleni ya gazeti, na jibu hilihili nimekutumia pia kwa posta, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Pole sana kwa binti yako. Nimeanza na pole kwa sababu sasa nakugombeza.

Acha kujiminya. Usingoje kesho. Kuchezea chuchu wakati mimba ina hatari ya kuwahi kunaweza kuamsha uchungu, na wewe ndiye wa mwisho anayepaswa kuuamsha. Maziwa hayawekwi akiba miezi kabla kama ufuta. Mwaka jana yalikuja bila kuyaita, na mwaka huu yatakuja. Sista aliposema upange mapema alitaka ujue utakuwa wapi siku hiyo, nani atakuwa pembeni yako na chombo kiko wapi. Kukamua kwenyewe kunaanza mtoto akishatoka.

Halafu hii tabia ya kumwitikia kila anayesema nawe. Najua unaiita heshima. Mimi naiita woga, samahani. Umetoa ndiyo mbili, moja itavunjika siku ya uchungu, na siku hiyo hutakuwa na pumzi ya kumweleza mtu chochote. Afadhali uvunje leo, ukiwa umekaa na akili zako zimetulia.

Sasa rudi kwenye barua yako, pale mama mkwe anaposimulia. Wamevuka mto. Hawana mbuzi wala kuku. Duka hakuna. Na mtoto anatonewa mdomoni kwa pamba. Mwanangu, hiyo pamba ililoweshwa nini? Umeyaandika yote hayo kwa mkono wako na hukujiuliza. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, lakini sioni kitu kingine kilichokuwepo njia ile zaidi ya kifua cha mama yake. Kama ni hivyo, basi anachokufundisha Sista Beatrisi, mama mkwe wako alishakifanya kwa mikono yake, na mumeo anabeba magunia kwa sababu hiyo. Mama huyu hakudanganyi. Yeye pale njiani alikuwa anaokoa mtoto. Kukamua anakokukataza ni kule kwa nyuma ya nyumba. Hataki kukuona tena umeinama pale, naye amekushika mgongo na jembe linangoja. Wewe unadhani mko pande mbili, kumbe mnaogopa kaburi lilelile.

Na kikombe nacho unaniuliza ukitupe. Angekuwa amekasirika angekitupa yeye, au angekitoa hadharani akakuuliza mbele ya jirani. Alikipangusa kwa kanga yake akakirudisha. Hilo halihitaji hata mshauri.

Kwa hiyo fanya hivi. Mkae wawili, usizunguke tena, muulize, "Mama, ile pamba ya Nasri ulikuwa unailowesha nini?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Akishasimulia, kitoe kikombe, mpe mkononi, mwambie mwenye kukitunza ni yeye. Usimwombe ruhusa, mpe kazi. Na umwombe mfuatane hospitali, Sista aongee naye ana kwa ana, maana wewe ukibeba maneno ya huyu kwa yule unayachanganya, tumeshaona.

Kujifungulia nyumbani, hapana. Mvua ikishika barabara hiyo lori linakwama, unajua kuliko mimi. Hamia mapema kwa wifi yako Nachingwea, muulize Sista uende lini hasa, na dawa ya presha akikupa uimeze kama alivyosema. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, tumbo likiuma sehemu ya juu, chini ya mbavu, au ukiona maji au damu, usingoje tarehe wala usingoje Nasri arudi na baiskeli, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu maziwa ya Mwanaima, moyo wako unaokataa una akili. Siku hizi hatugawani kunyonyesha bila kupima damu, na hilo si tusi kwake. Wewe na Nasri mpime pia. Mwambie wifi asante, unachohitaji kwake ni chumba, moto wa kuchemshia kikombe na chakula cha kukutia nguvu, na huo ndio msaada mkubwa.

Mtoto akifika, nawa mikono kwa sabuni, uanze kukamua mapema kadiri utakavyoweza, saa ileile ya kwanza kama hali yako inaruhusu, kisha urudie kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku pia. Yakitoka ya kulowesha kijiko tu, hayo ndiyo yake, usiyadharau. Ya njano usimwage hata tone. Kikombe kichemshwe kila mara kabla ya kutumika, na kwa joto lenu lile maziwa ya asubuhi yasingoje jioni. Apewe kiasi gani na kwa njia ipi, manesi watasema. Maji ya sukari yasiingie mdomoni mwake, wala uji, labda daktari mwenyewe aseme. Na yale ya mwaka jana usiyabebe mgongoni. Mtoto mdogo kiasi kile ana hatari nyingi, nanyi mlimpa mlichokijua.

Ukichoka, au presha ikikulaza, mtoto afungwe kifuani kwa bibi yake, ngozi kwa ngozi, hilo hahitaji kufundishwa na mtu. Na Nasri naye ana kifua. Mwambie nimesema mimi: hayo anayoyaita mambo ya wanawake ndiyo yaliyomfikisha hapo alipo, ateremke kwenye baiskeli aje ashike zamu.

La mwisho. Siku utakapokamua mara ya kwanza, moyo wako utarudi nyuma ya nyumba. Hilo litakuja, hata ukijiandaa namna gani. Utalia, na wewe lia, ila mikono isisimame, na kikombe akishike mama mkwe wako. Kisha mwambie taratibu kwamba mwaka jana mliyafukia kwa sababu hakukuwa na wa kuyanywa. Safari hii yana mwenyewe.