Ngoja Nimuulize Aliyelisuka

Shoga, nimechoka. Nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Si unanijua mimi na kuomba kupunguziwa? Leo nimeingia lile duka la makapu, nikataka moja kwa nusu ya bei. Nusu! Nikamwambia mwenye duka, "Haya si majani tu? Usinifanye mgeni."

Akajibu taratibu, "Hapa bei anapanga aliyelisuka. Ngoja nimuulize." Akapiga simu, akaweka spika.

Shoga, ni shangazi yangu! Shangazi! Nilijua anasuka, sikujua anauzia pale.

Akasema, "Kama mteja amekataa kabisa kuongeza, mpe tu. Kapu lile limenimaliza mgongo, sitaki lirudi."

Mpe tu. Kwa ile sauti yake ya kuchoka.

Nikalipa bei yote kimyakimya, asije akanitambua.

Sasa hivi shangazi kanipigia, furaha tele, ananisimulia mteja mbishi alivyolainika. "Mwanangu, watu wanadhani vitu vinajisuka."

Nikaitikia, "Kweli, shangazi."

Nawaza kule kwingine kote ninakobana bei, ambako hakuna anayempigia mtu simu.

Na kesho anakuja kunitembelea. Hili kapu nalificha wapi?